Kiti cha Jumamosi

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imetoka mlangoni, ikashuka ngazi, ikakunja kona. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya kazi, na mashine kubwa ya duka ilikuwa imeamua kutafuna karatasi badala ya kuzitoa. Watu walijipepea kwa vyeti vyao. Mwenye duka alikuwa amepiga simu mara nne, na mara zote nne aliambiwa fundi yuko njiani, jambo ambalo mara ya nne lilikuwa kweli.

Fundi alifika na pikipiki yake, akaiegesha chini ya kibao cha duka, mahali pekee palipokuwa na nafasi, wala hakujiuliza kwa nini foleni nzima ilikuwa imepakwepa. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mrefu, mkimya kwa tabia, na mashati yake yote yalikuwa na doa la wino mweusi kwapani, kwa sababu huko ndiko alikokuwa akibana bisibisi. Alipoinama kufungua sanduku la vifaa lililofungwa nyuma kwenye keria, tone la rangi ya bluu likatua katikati ya kiti chake. La pili likafuata.

"Samahani huko chini," sauti ya mwanamke ikasema kutoka juu. "Ila hapo nimeweka kamba, na kwenye kamba kuna karatasi imeandikwa usiegeshe."

Fundi akatazama kamba, kisha akatazama juu. Juu ya ngazi alisimama dada wa ovaroli la kijivu, miguu ya suruali imekunjwa hadi chini ya goti, skafu nyekundu imefungwa kichwani, brashi mkononi. Alikuwa anamalizia herufi O, na aliimalizia kwanza, pole pole, bila kutikisika, ndipo akageuka kumtazama mtu aliyemchafulia kiti.

"Karatasi imegeuka," Fundi akasema. "Mimi imenionyesha mgongo."

"Basi kosa tugawane nusu kwa nusu." Akachungulia. "Lakini hicho kiti chenyewe mbona kidogo hivyo? Cha mtu mmoja?"

"Cha mtu mmoja."

"Pole. Kwa hiyo huna mtu."

Foleni ikacheka. Fundi, ambaye kwa kawaida angeinamisha kichwa na kuingia ndani, siku hiyo sijui alikula nini, akajibu. "Ninacho kingine nyumbani. Cha watu wawili."

"Na huyo wa pili umemwacha nyumbani na kiti?"

"Huyo bado ninamtafuta."

"Mtafute huku unatengeneza mashine, mwanangu," akasema mzee mmoja aliyekumbatia bahasha. "Sisi wengine dirisha linafungwa saa sita."

Ndivyo walivyojuana, mbele ya watu arobaini wenye haraka. Fundi alipotoka, mashine ikiwa inatema karatasi vizuri, alikuta kiti kimefutwa kwa mafuta ya taa hadi kinang'aa, na nyuma ya ile karatasi ya kukataza kuegesha imeandikwa namba ya simu, tarakimu nzuri zilizosimama wima kama askari. Watu wa mjini walimwita dada huyo Rangi, na Fundi akamwita hivyo hivyo.

Sasa, lazima nieleze habari ya viti, maana bila viti hakuna kisa. Pikipiki ile ilikuwa ndogo. Siku za kazi ilivaa kiti cha mtu mmoja, na nyuma yake keria ya chuma yenye sanduku la dramu, rola na chupa za wino. Abiria hana pa kukaa. Jumamosi mchana, kazi ikiisha, Fundi alifungua bolti mbili, akatoa kiti kidogo, keria na sanduku, akaweka kile kiti kirefu cha watu wawili pamoja na chuma chake cha kushikia. Kazi ya robo saa kwa spana namba kumi na mbili. Kiti kisichotumika kilining'inia ukutani chumbani kwake, juu ya kitanda. Miaka miwili kiti kirefu kilikaa ukutani kikila vumbi. Tangu siku ya fotokopi, hakikukosa Jumamosi hata moja.

"Fundi," Rangi alikuwa akipiga simu saa nane. "Kiti kimevaa?"

"Kinavaa."

"Kiambie kisijirembe sana, mimi niko kizingitini na jua linanichoma."

"Kinauliza umevaa nini."

"Kiambie kina adabu mbaya. Gauni la njano lenye mifuko."

Walikwenda popote: sokoni, kwa dada yake Fundi, au kuzunguka tu mji Rangi akimwonyesha vibao alivyoandika. Njia nzima yeye alikuwa anamnong'oneza mambo ya kumchekesha, na walipokaribia tuta alikuwa na mchezo wake: anaachia mikono yote miwili, anakaza skafu yake shingoni, chini ya kofia ngumu, kisha anamshika tena kiunoni kabla gurudumu la nyuma halijatua. Fundi alimwona kwenye kioo. Alimkemea, naye akacheka, na wiki iliyofuata akafanya vile vile.

Bolti za kiti kirefu hazikuwa sawa na za kiti kifupi. Zile zilikuwa ndefu, kwa sababu zilipita kwanza kwenye chuma cha kushikia ndipo zikafika kwenye fremu. Za kiti kifupi zilikuwa fupi, urefu wa kipande cha kidole. Fundi alijua tofauti hiyo kuliko mtu yeyote. Alizitunza zile ndefu kwenye kopo la maziwa ya unga, na Ijumaa moja akalibeba kopo hilo kwenda nalo kazini ili atafute stoo washa mpya, vile vipete vya chuma vya kuweka chini ya kichwa cha bolti. Washa alizipata. Kopo akalisahau juu ya meza ya stoo, na stoo hufungwa hadi Jumatatu.

Jumamosi hiyo haikuwa Jumamosi ya kuzunguka. Mama yake Rangi alikuwa amesema amlete huyo mtu amwone. Fundi alikuwa amenyoa, amepiga shati pasi, na tayari ameshatoa kiti kifupi ndipo alipolikumbuka kopo. Akasimama na zile bolti mbili fupi kiganjani.

Simu ikaita. "Uko wapi, mpenzi? Niko kizingitini nakungoja unipitie, na Mama kwake ameshaweka meza. Ameshatoa na vile vikombe vya wageni."

"Nimekaribia kutoka."

"Unajua alikuwa muuguzi miaka thelathini. Mgonjwa akichelewa dawa dakika tano anamwandika."

"Natoka, Rangi."

Akazijaribu zile fupi. Zikashika. Akahesabu mizunguko: moja, mbili, tatu, zikafika mwisho. Meno matatu. Akakitikisa kiti kwa mkono, kikatulia. Akajiambia ni mwendo wa dakika kumi, ataendesha taratibu, na wakirudi atamwambia wachukue gari. Simu ikaita tena, hakuipokea, akaipiga teke pikipiki ikawaka. Ninalisema hili wazi kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisema wazi: alijua. Hakudhani, hakusahau, hakudanganywa na mtu. Alijua, akapanda, akampakia.

Kwenye tuta la tatu, karibu na kituo cha mafuta, Rangi akaachia mikono kukaza skafu yake. Pikipiki ikainuka, ikashuka, na Fundi akahisi kiti kinaruka nyuma yake. Alipogeuka, Rangi alikuwa chini, amelalia ubavu, mkono wa kulia umekunjika pasipokunjika. Kofia ilikuwa imemwokoa kichwa.

Alimkimbilia, akapiga magoti. Rangi alikuwa mweupe midomo. "Niliachia," akasema kabla Fundi hajafungua mdomo. "Nilikuwa nakaza skafu. Mjinga mimi. Mama ataniua."

Hapo ndipo pahali pa kusema. Ilihitajika sentensi moja tu, na ilikuwa mdomoni, ameionja. Lakini watu wakaja mbio, mwenye gari akasimama, mmoja akamwinua Rangi, mwingine akauliza ilikuwaje, na Rangi akamjibu yeye mwenyewe kwamba aliachia mikono. Fundi akarudi kwenye pikipiki. Kiti kilikuwa kimening'inia upande mmoja. Akakisukuma kikarudi mahali pake, akaokota bolti moja kwenye mchanga, akaitia mfukoni. Ya pili hakuiona.

Hospitalini, mama alifika akiwa bado na aproni. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima, na alipomaliza kumfokea bintiye akamgeukia Fundi, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwanangu. Siku ya kwanza kukuona, na tunaonana hapa. Huyu tangu utoto hatulii. Ungeweza kuumia na wewe."

"Hapana, mama. Mimi ndiye..."

"Wewe ndiye nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

"Dereva hana macho kisogoni," mama akasema. Kisha akawageukia wauguzi wenzake wa zamani waliokuwa wamekusanyika. "Mnamwona kijana huyu? Hakukimbia. Wengine wangekimbia."

Usiku na mchana sifa hiyo ilikaa naye. Rangi alifungwa plasta kuanzia vidole hadi kiwiko, wiki sita, akahamia kwa mama yake auguzwe, na kila siku ya wiki hizo sita Fundi alifika na machungwa, akafagia uwanja, akaosha brashi ambazo hakuna aliyekuwa anazitumia, akazifunga gazeti. Mama alimpenda mpaka ikawa aibu. Alimwekea kiti chake mezani. Aliwaambia majirani kuwa wanaume wa namna ile hawazaliwi tena. Na yeye kila akipewa sahani alikula, akashukuru, akaenda kuosha vyombo.

Wakati huo kulikuwa na kazi kubwa aliyokuwa ameipata Rangi: milango arobaini ya jengo jipya la ofisi, kila mlango na jina lake, kwa mkono, rangi nyeusi na ukingo wa dhahabu. Mwenye jengo alisubiri wiki mbili, kisha akawapa watu wa stika. Rangi alipopata habari hakulia. Alisema, "Nimejitakia." Fundi alikuwa anamenya chungwa, akaendelea kulimenya.

Plasta ilipotoka, mkono ulikuwa mwembamba na mgumu, lakini mtaalamu wa mazoezi alisema utarudi. Na ulikuwa unarudi. Alianza kwa kuandika kwenye mbao chini, uani kwao, na herufi zilikuja zimenenepa kidogo lakini zimekaa. Tatizo lilikuwa ngazi. Alipanda hatua nne, akasimama, akashuka.

"Mkono hauna neno," alimwambia Fundi, wamekaa uani, yeye akibonyeza mpira wa mazoezi. "Ni mimi. Zamani nilikuwa nikipanda juu sifikirii. Mikono ilikuwa inajua yenyewe ishike wapi na iachie lini. Sasa naichunga kama mtu anavyochunga mwizi. Mtu anayeachia kwenye pikipiki ataachia na kwenye ngazi, Fundi. Nikianguka kule juu siamki."

"Hutaanguka."

"Unajuaje?"

Alijua vizuri mno. Akasema, "Najua tu," na neno hilo halikumsaidia mtu.

Na kile kiti? Tangu siku ile Fundi hakukigusa. Alikitundika ukutani kimegeuzia uso ukutani, akakifunika shuka. Pikipiki ikabaki na kiti cha mtu mmoja, Jumatatu hadi Jumapili.

"Fundi," Rangi akapiga simu Jumamosi moja. "Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Na kiti kipi?"

"Kazi zimenibana, laazizi. Nimekiacha kile kile."

"Sawa." Wiki iliyofuata akauliza tena, akajibiwa hivyo hivyo. Wiki ya tatu hakuuliza. Wiki ya nne alikuja mwenyewe kwa miguu, bila kubisha hodi sana, amevaa lile gauni la njano, na akamkuta Fundi amekaa kitandani mchana kweupe hafanyi lolote. Macho yake yakaenda ukutani. Akalivuta shuka.

"Umekigeuza," akasema. "Umekifunika kama maiti."

"Rangi."

"Niambie tu. Unaogopa kunipakia. Unaona nitaachia tena nikuletee balaa."

"Siyo hivyo."

"Ni vipi basi?" Alisubiri. Fundi alitazama mikono yake. Zile sentensi alikuwa amezipanga usiku mwingi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sasa hata moja haikutoka. "Mama anasema ni uzembe, mjomba anasema ni utoto, na wote nawakubalia," Rangi akasema. "Wewe nilidhani utakuwa upande wangu. Kumbe hata wewe huniamini."

Akaliweka shuka kitandani, limekunjwa vizuri, akatoka. Fundi alisikia viatu vyake vikishuka ngazi na hakuinuka. Tangu hapo kila Fundi alipompigia simu, ikawa inaita hadi inakatika.

Ilipita wiki moja na nusu. Akiwa amelala chali chini ya mashine ya benki moja, mikono imejaa wino, simu ikaita. Ilikuwa ni mama yake Rangi.

"Mwanangu, mmegombana? Usiniambie, sitaki kujua. Njoo Jumapili tule. Rangi anaanza kazi Jumatatu dukani kwa mjomba wake, anauza misumari. Vifaa vyake ameviuza. Kuna mtu anakuja kuchukua ngazi na brashi Jumapili saa kumi."

"Ameuza ngazi?"

"Ni heri. Mimi sasa nitalala usingizi. Njoo, umtie moyo, wewe anakusikia."

Fundi akabaki chini ya ile mashine mpaka karani wa benki akaja kuuliza kama yuko salama.

Jumapili alikwenda kwa miguu. Saa nane alikuwa sebuleni kwa mama. Rangi alikuwa kwenye kochi, nywele amezibana nyuma, blauzi nyeupe ya dukani anaijaribu, bado ina lebo. Hakumsalimia. Kando ya mlango ilisimama ngazi, na chini yake kifurushi cha brashi kwenye gazeti lile lile alilolifunga yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, mwanangu, chakula..."

"Sikai, mama. Nina neno, na nikikaa sitalisema." Alitoa bolti mbili mfukoni, ndefu na fupi, akaziweka mezani kando ya sahani. "Siku ile Rangi hakuanguka kwa sababu aliachia mikono. Kiti ndicho kilichotoka. Hii ndefu ndiyo ya kiti cha watu wawili. Nilikuwa nimeisahau kazini. Nikafunga kwa hii fupi. Ilishika meno matatu tu."

Mama alizichukua zote mbili, akazilinganisha, kwa ukimya wa mtu aliyezoea kupima dawa. "Ulijua haitoshi?"

"Nilijua."

"Kabla hamjatoka?"

"Kabla, mama. Nilihesabu."

"Na mimi nilikushukuru," mama akasema polepole. "Nilikushukuru mbele ya watu niliofanya nao kazi miaka thelathini."

"Ndiyo, mama."

Rangi alikuwa amesimama. Fundi alikuwa amejiandaa kwa kofi, kwa kilio, kwa kufukuzwa. Hakujiandaa kwa swali. "Kama kiti kingekuwa kimefungwa sawasawa," Rangi akauliza, "na mimi nikaachia vile vile, ningeanguka?"

"Usingeanguka."

"Usinipake mafuta."

"Sikupaki. Uliachia kwenye matuta kila Jumamosi, nilikuwa nakuona kwenye kioo. Tuta lile lile la kituo cha mafuta ulishaachia labda mara kumi. Hukuwahi hata kuyumba. Unashika kwa magoti, Rangi. Ulikuwa unanibana mpaka nyonga zinauma. Mikono yako haikukosea kitu."

Rangi akaketi tena, taratibu. Aliufungua mkono wake wa kulia, akaufumba, akaufungua. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanatiririka na hakuyafuta.

"Miezi mitatu," akasema. "Nimekaa hapo uani miezi mitatu najiita mjinga, na wewe unamenya chungwa unanisikia. Milango arobaini imeondoka, unanisikia. Nimekwambia naogopa mikono yangu mwenyewe, ukaniambia hutaanguka, unajua tu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kusahau bolti ningekusamehe siku ile ile, chini pale pale. Toka, Fundi."

Akatoka. Alikaa ukingoni mwa barabara, mtaa wa pili. Saa kumi na robo akapita mwanamume na mkokoteni mtupu, ananung'unika peke yake.

"Umekuja kuchukua ngazi?" Fundi akamwuliza.

"Nimekuja bure. Dada anasema hauzi tena. Nimemwuliza kwa nini, anasema ana kazi nayo kesho. Watu hawana msimamo."

Fundi alicheka, kisha akajifunika uso, na yule mtu wa mkokoteni akaharakisha mwendo. Alikuwa amempoteza, hilo alilijua. Lakini tangu siku ya tuta, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuta pumzi ikafika chini.

Wiki tano hakupiga simu. Siku moja akipita na sanduku lake la rola alimwona Rangi juu ya duka la dawa, kwenye ngazi, hatua ya juu kabisa, anaandika. Mkono mmoja umeshika brashi, mwingine umeshika kopo, na hakuna ulioshika ngazi. Hakusimama. Alipofika kona alijikuta anaendesha kwa gia ya kwanza.

Ijumaa jioni simu ikaita.

"Fundi."

"Naam."

"Kesho saa tisa, nyumbani. Nina swali moja. Uje na kiti cha watu wawili."

Alianza kukifunga saa saba mchana, mara tu kazi ilipoisha. Bolti ndefu, washa mpya, akakaza, akafungua, akakaza upya, akakikalia, akakirukia. Alipofika, Rangi alikuwa nje ya geti, ovaroli la kijivu, skafu nyekundu, mikono mfukoni. Mama alichungulia dirishani, akaitikia salamu kwa kichwa tu, akafunga pazia. Rangi alikwenda nyuma ya pikipiki, akainama, akazitazama bolti. Akakitikisa kiti kwa mkono wa kulia. Kisha akasimama mbele yake.

"Kama ningekufa siku ile," akasema, "ungesema?"

Jibu zuri lilikuwepo. Lilikuwa tayari mdomoni, limepigwa pasi kama shati la kuendea ukweni: ndiyo, ningesema, nisingeweza kuishi nalo. Fundi alilifikiria vizuri. Aliiona ile sebule imejaa watu, mama akimshika mikono, akimwambia dereva hana macho kisogoni.

"Sijui," akasema. "Nadhani nisingesema. Ningelia sana, mama yako angenibembeleza, na mimi ningenyamaza. Naona haya kukwambia, lakini ndivyo ninavyofikiri."

Rangi akaegemea geti. Gari likapita, vumbi likatua.

"Nilikuwa nimeshakata shauri," akasema hatimaye. "Ukisema ungesema, najua unanipaka mafuta, narudi ndani."

"Na sasa?"

"Sasa bado nina hasira. Asubuhi mkono ukinikaza, hasira ndiyo inaamka kwanza, kabla yangu. Sijui itaisha lini." Alivuta pumzi. "Lakini nina hamu nawe, na hilo nalo linaniudhi. Leo sipandi. Jumamosi ijayo sijui. Twende kwa miguu."

"Na pikipiki?"

"Isukume."

Basi wakaenda hivyo, Fundi akisukuma, Rangi akitembea upande wa pili, kiti kirefu kitupu katikati yao. Alimweleza habari za duka la dawa, jinsi mwenye duka alivyomtaka aandike maneno ishirini kwenye kibao cha kutosha manane. Fundi alimweleza habari za mashine iliyokutwa na mjusi ndani. Njia ilianza kupanda. Kijiweni watu wakawatania.

"Bwana, mafuta yamekwisha?"

"Mafuta yapo," Rangi akajibu bila kugeuka. "Dereva ndiye yuko kwenye adhabu."

Walipofika nusu ya kilima shati la Fundi lilikuwa limelowa na pumzi zinamtoka kwa masikio. Rangi akamtazama.

"Umechoka?"

"Hapana."

Rangi akasimama. Alisimama tu katikati ya njia, akimngoja.

"Nimechoka," Fundi akasema. "Mgongo unaniua tangu kule kijiweni."

"Haya," Rangi akasema. "Tupumzike."